Kupeleka Watoto Auti Kutoka Keroka: Pesa Huishia Wapi?

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, Keroka hujaa. Magari ya Nairobi yanashusha watu mchana na usiku, wengine upande wa Kisii, wengine upande wa Nyamira, maana mji wetu umekalia mpaka wa kaunti mbili. Siku mbili za kwanza ni za kusalimia wazee na kula ugali wa wimbi na chinsaga. Siku ya tatu watoto wanaanza: "Tutaenda wapi?" Wa Nairobi wanataka ziwa. Wa nyumbani wanataka simba. Mzazi anapiga hesabu kimoyomoyo, anafika kwa nauli ya kurudi, halafu anabadilisha mada.

Leo hesabu hiyo tunaipiga kwa sauti. Tumechukua safari mbili ambazo familia za huku huziwaza sana, Nakuru kwa wanyama na Kisumu kwa ziwa, tukaangalia kila shilingi inatoka mfukoni saa ngapi, inapitia njia gani na inakatwa nini njiani. Hatukwambii usiende. Tunataka uende ukijua.

Bei ni ya kichwa, na vichwa ni vingi

Karibu kila mahali pa kutembelea panauza kwa kichwa. Mtu mzima bei yake, mtoto bei yake, zidisha, lipa. Kwa mtu anayetoka na mchumba wake hiyo haina shida. Shida inaanza kwa familia, na zaidi kwa familia kama zetu.

Ukisema tu pale nyumbani kwamba Jumamosi unapeleka watoto Kisumu, orodha inaanza kukua. Una wako wanne. Kuna wawili wa kaka yako waliokuja likizo. Kuna yule wa jirani ambaye kwa kweli analala kwako siku nyingi kuliko anavyolala kwao. Mke wa kaka yako hatasema kitu. Ataleta tu watoto asubuhi wakiwa wameoga na kupakwa mafuta, na wewe utasema nini? Huko Uingereza sehemu nyingi za burudani huuza tiketi ya familia, yaani wazazi wawili na watoto wawili au watatu kwa bei moja ya nafuu. Hata hiyo ikiletwa huku itaacha nusu ya watoto nje ya geti.

Sasa tuone Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, iliyo chini ya shirika la KWS. Kwa muda mrefu Mkenya mtu mzima alikuwa akilipa shilingi 860 na mtoto shilingi 215. Baba, mama na watoto wanne walikuwa wakiingia kwa shilingi 2,580. Kisha zikatangazwa ada mpya za kuanzia Oktoba 1, 2025: raia wa Afrika Mashariki mtu mzima 1,500, mtoto 750. Familia ile ile ya watu sita inafika shilingi 6,000.

Wengi waliishia hapo kwa jumla wakashtuka. Lakini angalia imepanda upande gani. Ya mtu mzima haijafika mara mbili. Ya mtoto imepanda karibu mara tatu na nusu. Kwa bei ya zamani, watoto wanne walilipa sawasawa na mtu mzima mmoja. Kwa bei hiyo mpya, watoto wawili tu tayari ni mtu mzima mmoja. Kwa hiyo mzigo mkubwa umemwangukia mwenye watoto wengi. Pale Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi haikuwa hivyo: ilitoka 430 na 215 ikaenda 1,000 na 500, ghali ndiyo, lakini mtoto alikuwa nusu ya mtu mzima na akabaki nusu.

KWS ina hoja yake, kwamba ada zilikaa miaka mingi bila kuangaliwa na kutunza wanyama kunakula pesa. Ni hoja ya kweli. Mzazi wa Keroka naye ana hoja yake, na yake ina watoto wanne.

Kabla hujakata tamaa, kuna punguzo ambazo watu hawaziulizii. Katika utaratibu huo mpya, watoto wa miaka 5 kushuka chini hawalipi, na Wakenya wa miaka 70 na zaidi pamoja na watu wenye ulemavu pia hawalipi. Kwa hiyo magokoro mwenye miaka 74 hakuongezei gharama ya geti hata shilingi moja. Mwambie tu abebe kitambulisho, na mpe kiti cha dirishani. Bei zenyewe ziangalie kwenye eCitizen siku ile ile unayolipa, maana ada za serikali hubadilika na picha za bei zinazozunguka WhatsApp mara nyingi ni za zamani.

Jambo lingine la Nakuru ambalo geti halikuambii mapema: ndani hutembei kwa miguu. Lazima uwe ndani ya gari, na gari nalo linalipiwa kulingana na idadi ya viti. Asiye na gari atakodi. Hapo ndipo safari nyingi za Keroka kwenda Nakuru hufia, kwenye gari, hata kabla ya tiketi.

Insha ya simba

Nilisoma shule ya msingi huku, na kila mwaka tuliandika insha ya ziara ya mbuga ya wanyama. Darasa zima tulijaza kurasa. Simba wetu walinguruma, twiga wetu walikuwa na madaha, na basi letu kila mara liliondoka alfajiri na mapema jogoo wakiwika. Nadhani waliokuwa wameona simba kwa macho yao katika darasa lile hawakuzidi wawili. Mwalimu alijua, nasi tulijua kwamba anajua, na alama zilitolewa vizuri tu.

Ramani inafanya jambo hili liwe gumu kulimeza. Kaunti ya Narok, yenye Maasai Mara, inapakana na Kisii. Ziwa Victoria liko upande wa pili. Watu wanavuka bahari mbili kuja kuona kile ambacho mtoto wa hapa anakiandika kwa kukisia. Umbali haujawahi kuwa sababu. Sababu ni pesa ya siku moja, na hasa ni kwamba pesa hiyo inatakiwa yote kwa mara moja.

Kisumu: geti ndilo dogo

Kwa asiye na gari, Kisumu ndiyo safari inayowezekana. Unapanda gari hadi Kisii mjini, unabadilisha, unapita Oyugis na Ahero, na kabla ya saa sita mchana uko ziwani kama uliamka mapema. Kuna Hifadhi ya Impala karibu na maji, iliyo chini ya KWS, ambako swala wanatembea huru na simba na chui wako ndani ya uzio. Kuna Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980, yenye nyoka ambao watoto hawawasahau na boma la Kiluo la kiasili. Kuna Dunga, ambako unakula samaki ukiangalia mashua. Kwa mtoto hiyo ni siku kamili.

Tupige hesabu ya familia yetu ya watu sita. Bei nitakazoweka ni za mfano, kwa hiyo toa zangu uweke za stage yako.

Tuseme nauli ya Keroka hadi Kisumu, ukijumlisha magari yote mawili, ni 600 kwa kiti. Wale wawili wadogo wanakaa kiti kimoja, kwa hiyo ni viti vitano. Kwenda 3,000, kurudi 3,000. Tuktuk za ndani ya mji 600. Geti, kwa wote, tuliwekee 1,500. Chakula cha mchana: samaki sahani nne za 500 ni 2,000, chipsi mbili za wadogo 400, soda sita za 60 ni 360, jumla 2,760. Mashua ya kuzunguka kidogo 1,500. Picha, aiskrimu na ile baluni ambayo mdogo hataachilia, 700. Yote pamoja: shilingi 13,060.

Geti ni 1,500 kati ya hizo. Yaani kwa kila shilingi 100 za siku ile, geti limekula kama 11. Nauli peke yake imekula karibu nusu. Ndiyo maana tunaona makosa mtu kupanga safari kwa kuuliza, "Kuingia ni pesa ngapi?" Anaambiwa kiasi kidogo, anawaambia watoto wajiandae, na saa nane mchana anasimama kando ya ziwa akihesabu kama pesa iliyobaki itawafikisha hata Oyugis.

Swali la kwanza liwe nauli, na la pili liwe tarehe. Wiki ya Krismasi stage haina huruma. Kiti cha 600 kikipanda kuwa 900, safari yetu inaongezeka 3,000 bila mtoto hata mmoja kupata kitu cha ziada. Hiyo ni mara mbili ya geti. Familia ile ile ikienda Novemba shule zikishafungwa, au wiki moja ya Agosti, inaona ziwa lile lile. Najua wa Nairobi huja Desemba. Basi mwende kabla ya tarehe 20, au msubiri hadi watu wamalize kurudi kazini Januari, na mchague siku ya katikati ya wiki.

Chakula nacho kina siri yake. Chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani si aibu. Wako wanaoona ni ushamba kufungua kontena la chapati mbele ya watu. Hao waulize walilipa nini kwa sahani. Mpango unaofanya kazi ni huu: watoto wale chapati saa nne njiani, wafike wakiwa wameshiba, halafu mchana mnunue samaki wakubwa wawili wa kugawana badala ya sahani nne. Kula samaki ziwani ni sehemu ya safari, hiyo usiikate. Lakini kuula ukiwa na njaa ya saa sita kunakufanya uagize kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Na kama nyinyi ni wengi kweli, wako na wa kaka na wa jirani, acheni kulipa kiti kwa kiti. Kodini matatu ya viti 14 kwa siku nzima, familia mbili au tatu zichange. Elewaneni mapema na dereva: mafuta ni ya nani, anakula kwa nani, mkichelewa inakuwaje. Andikeni kwenye ujumbe wa simu, hata kama ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako.

Soda sita zilizopotea hewani

Sasa tuje kwenye eneo letu, simu. Hatutakudanganya kwamba ada za kutuma pesa ndizo zinazofanya safari iwe ghali. Umeona hesabu, ni nauli na chakula. Lakini kuna pesa inayopotea bila mtu yeyote kuifurahia, na hiyo inauma kuliko ile ya baluni.

Tuseme siku ile ya Kisumu umelipa kila mtu kwa kumtumia kwenye namba yake ya kawaida ya M-Pesa. Nauli 3,000 asubuhi na 3,000 jioni, mashua 1,500, chakula 2,400, mpiga picha 300. Kwa viwango vya sasa vya M-Pesa, kutuma 3,000 ni shilingi 53, mara mbili ni 106. Kutuma 1,500 ni 23. Kutuma 2,400 ni 33. Kutuma 300 ni 7. Jumla 169.

Halafu unaijua ile sentensi: "Weka na ya kutoa." Kutoa 3,000 kwa wakala ni 52, mara mbili 104. Kutoa 1,500 ni 29, kutoa 2,400 ni 29, na kutoa 300 pia ni 29, maana kuanzia 101 hadi 2,500 ada ni moja. Hapo ni 191 nyingine. Ukijumlisha na zile 169 unapata 360. Ni soda sita kamili, moja kwa kila mtu wa familia yetu, na hakuna aliyekunywa.

Uliza Till. Ukilipa kwa Lipa na M-Pesa Till, mnunuzi hakatwi kitu, iwe 300 au 3,000. Anayekatwa ni mwenye biashara, tena chini ya asilimia moja. Kwa hiyo mtu akikwambia uongeze kidogo kwa sababu unalipa kwa Till, mwambie kwa upole kwamba ada hiyo si yako. Pochi la Biashara ni tofauti: inamsaidia muuzaji kutenganisha pesa ya kazi na ya nyumbani, lakini wewe unayetuma unakatwa kama umetuma kwa mtu wa kawaida. Paybill nayo inategemea mwenye nayo alikubali nani abebe ada, wakati mwingine ni yeye, wakati mwingine ni wewe.

Kwa wale wasio na Till, mwenye mashua au mama wa chipsi wa kando ya barabara, beba pesa taslimu. Toa mara moja tu, Keroka, kabla hamjaondoka. Kutoa 2,000 mara tatu siku nzima ni 87. Kutoa 2,500 mara moja ni 29. Na wakala wa mtaani kwenu hatakwambia hana floti saa moja asubuhi kama yule wa ufukweni saa tisa siku ya sikukuu.

Ya KWS na ya makumbusho yanapitia eCitizen. Getini hawapokei pesa mkononi, kwa hiyo lipa ukiwa nyumbani jioni ya kuamkia safari, mtandao ukiwa mzuri na simu ikiwa na chaji. Lipia watu wote kwa malipo mamoja, maana eCitizen huongeza ada yake ndogo juu ya malipo, na hakuna sababu ya kuilipa mara mbili kwa sababu baba amelipia wake na mama wake. Risiti ipige picha ibaki kwenye simu mbili. Simu moja ikizima, safari isizime nayo.

Pesa ya Oktoba na karo ya Januari

Huku kwetu pesa ina msimu. Wenye majani chai wanangoja bonasi, ambayo huja karibu Oktoba, na mwaka baada ya mwaka wakulima wa upande huu wamelalamika kwamba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Wenye ndizi na maparachichi wanauza kidogo kidogo sokoni. Halafu Januari inakuja na karo, sare na vitabu. Siku ya kupeleka watoto auti imebanwa katikati ya bonasi na karo, na ikiguswa na pesa ya karo, mzazi atailipia mwaka mzima.

Ndiyo maana ushauri wa kwamba uweke akiba unasikika kama mzaha kwa wengi. Weka akiba gani? Lakini gawanya ile 13,060. Ukianza Aprili mosi hadi mwisho wa Novemba una siku 244. Ni shilingi 54 kwa siku. Anayeuza sokoni anaweza kuiona hiyo 54, asiweze kamwe kuiona 13,060. Na ukikata mashua na kugawana samaki, inashuka hadi kama 45.

Iweke mahali ambapo huigusi. Kutoa pesa M-Pesa kwenda M-Shwari hakuna ada, na kuna akaunti ya kufunga ambayo unachagua muda wenyewe. Ifunge ikomae mwanzo wa Desemba. Wengine wanaamini chama zaidi kuliko simu, na sawa, chama cha akina mama watano wa soko moja kinaweza kubeba matatu nzima ya watoto. Cha muhimu pesa hiyo iwe na jina lake. Pesa isiyo na jina huku Keroka huisha kwa harambee na matanga, na huwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Kitu kimoja tunakisema ingawa kinauzwa kwenye simu hizi hizi: usiende tripu kwa Fuliza. Fuliza iliundwa kuziba pengo dogo, umepungukiwa 200 kwenye duka la dawa, unaziba, unalipa kesho. Unakatwa asilimia 1 ya kuanzia na ada ya kila siku hadi umalize. Ukiichukua Desemba 27 ukiwa Kisumu na pesa nyingine inaingia katikati ya Januari, unailipia kwa wiki zaidi ya mbili, na M-Pesa ya kwanza kuingia, labda ile uliyotumiwa ya karo, inamezwa kabla hujaiona.

Ukibaki karibu

Mwaka ambao 54 kwa siku haikupatikana bado kuna siku za kutoka. Ukingo wa Manga, kule Nyamira, siku hewa ikiwa safi unakuonyesha hadi ziwani, na wazee wana hadithi nzito za Ngoro ya Mwaga ambazo watoto wa Nairobi hawajawahi kuzisikia. Mchukue mzee mmoja wa kuzisimulia, mlipe kitu, ni kazi. Beba maji, na washike wadogo mkono kwenye ukingo, kule hakuna mchezo.

Tabaka nako, kusini mwa Kisii, wanachonga jiwe la sabuni. Vinyago vile vile unavyoviona kwenye maduka ya watalii Nairobi huzaliwa pale, kwenye vumbi jeupe, kwa tupa na msasa. Mtoto akimwona fundi akitoa kiboko kutoka kwenye jiwe, hiyo ni insha ambayo hatahitaji kuikisia. Bei ya kununua hapo kwa fundi ni ya kuelewana, na pesa inabaki kwake.

Na kama watoto wako ni wa mpira, Shabana ilirudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, na Gusii Stadium siku ya mechi ya nyumbani ni sherehe kuliko bustani yoyote ya kulipia. Nauli ya Keroka hadi Kisii mjini ndiyo gharama kubwa, ukiacha sauti itakayopotea.

Hizi sehemu hazichukui nafasi ya simba. Mtoto aliyeahidiwa simba akapelekwa mlimani anajua tofauti.

Mabango ya tripu

Novemba ikianza, makundi ya WhatsApp na Facebook hujaa mabango ya tripu za siku moja. Mengi ni ya watu wa kweli wanaofanya kazi nzuri, na mara nyingine ni nafuu kuliko kwenda peke yako kwa sababu gari linagawanywa. Mengine ni wezi. Kampuni ya utalii halali ina leseni ya mamlaka ya TRA, kwa hiyo iombe uione. Mwenye kampuni akikupa Till au Paybill, lisome jina linalotokea kabla ya kukamilisha. Bango linasema jina la kampuni na simu inasema jina la mtu binafsi? Simama hapo, piga simu, uliza. Na pesa ya geti la KWS huwa inaenda eCitizen, Paybill yake ni 222222, kwa hiyo anayekuambia umtumie yeye "akushikie nafasi getini" anajishikia mwenyewe.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usianze kumpigia aliyepokea na kumwomba. Tuma ujumbe ule mzima wa M-Pesa kwenda 456, mara moja, kabla hajaitoa.

Halafu lipige bango hesabu. Tuseme linasema Nakuru 3,000 kwa mtu mzima, kila kitu ndani. Toa 1,500 ya geti. Zimebaki 1,500 za kumtoa mtu Keroka hadi Nakuru na kumrudisha, gari la kuzunguka ndani ya mbuga, chakula cha mchana, na faida ya mwenye tripu. Muulize akuonyeshe zinavyotosha.